Kumtibu Kifaranga wa Bata Mwenye Jeraha Dogo la Mguu: Utambuzi, Hatua za Tiba na Nafasi ya Majina ya Viungo

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna ya kumtibu kifaranga wa bata aliyepata jeraha dogo la mguu katika wiki zake za mwanzo. Hoja ya msingi ni kwamba tiba ya jeraha la aina hii ni nyepesi, lakini utambuzi wake si mwepesi, kwa kuwa dalili ileile ya kuchechemea huweza kuletwa na jeraha, na upungufu wa lishe, au na maradhi ya kuambukiza. Makala yanaonesha pia kwamba majina ya viungo vya ndege katika mazungumzo ya kila siku, hususani neno goti, huweza kumpotosha mfugaji na mshauri wake. Baada ya kueleza umbile la mguu, makala yanatoa maswali matatu ya utambuzi, hatua za tiba kwa mpangilio wake, na mipaka ya tiba inayofanyika nyumbani.

Istilahi muhimu: kifaranga wa bata, kuchechemea, kifundo, kano, gango, niasini.

1.0 Utangulizi

Ndege wafugwao huanguliwa katika hali mbili zilizo tofauti. Kinda la njiwa hutoka katika yai likiwa limefumba macho, likabaki kiotani na kulishwa na wazazi wake. Kifaranga wa bata huanguliwa akiwa na manyoya laini na macho yaliyofumbuka, na baada ya siku moja hivi huwa tayari kutembea, kuogelea na kujitafutia chakula. Mama humwongoza, humfunika na kumlinda, lakini hamlishi mdomo kwa mdomo. Kila anachokila kifaranga huyo hukifuata kwa miguu yake mwenyewe.

Hapa ndipo uzito wa mada hii ulipo. Jeraha ambalo kwa mnyama mwingine lingekuwa dogo, kwa kifaranga wa bata humkatia njia ya kufikia chakula, maji na joto la mama kwa wakati mmoja. Mara nyingi kifaranga anayechechemea hauawi na mguu. Huuawa na njaa, kiu, baridi au kukanyagwa na wenzake, huku mguu wenyewe ukiwa na uwezo wa kupona katika siku chache.

Bata wa kienyeji anayeonekana zaidi katika maboma ya Afrika Mashariki ni Cairina moschata, ambaye asili yake ni Amerika ya Kati na ya Kusini. Mayai yake huatamiwa kwa siku 35 hivi, tofauti na siku 28 za bata wa ukoo wa Anas platyrhynchos, ambamo bata wa Pekin amo. Kifaranga aliyeanguliwa karibuni huwa na uzito wa gramu 50 hivi, ilhali dume wa bata wa kienyeji huweza kufika kilo 4 au zaidi. Ukilinganisha uzito huo wa aina mbili, ni rahisi kuelewa kwa nini kukanyagwa ni chanzo cha kawaida cha jeraha la mguu. Vyanzo vingine ni kunaswa katika wavu au ufa wa ubao, kuvutwa kwa mguu na mtoto wakati wa kucheza, kuteleza kwenye sakafu laini, na kuzongwa na uzi.

2.0 Umbile la Mguu na Majina Yake

Katika Kiswahili neno mguu hutaja kiungo chote tangu nyonga hadi vidole, na pia hutaja sehemu ya chini peke yake, yaani ile inayokanyaga. Upana huu wa maana hauna madhara katika mazungumzo ya kawaida. Madhara huanza pale mtu anapotaka kueleza mahali palipoumia.

Neno lenye utata zaidi ni goti. Mtazamaji anapoangalia mguu wa bata huona katikati yake kiungo kinachopinda kuelekea nyuma, na wengi hukiita goti, wakishangaa kwamba goti la ndege limegeuzwa. Kwa hakika kiungo hicho si goti. Ni kifundo, kinacholingana na kifundo cha mguu wa binadamu. Goti halisi la bata liko juu zaidi, karibu na tumbo, limefunikwa na ngozi na manyoya, nalo hupinda kuelekea mbele kama la binadamu. Paja nalo limefichwa kabisa ubavuni. Sehemu iliyo kati ya kifundo na vidole, ambayo wengi huichukulia kuwa muundi, ni mifupa ya wayo iliyoungana na kurefuka. Kwa maneno mengine, bata husimama juu ya vidole vyake.

Katika makala haya, kwa hiyo, goti linatumika kwa kiungo kilichofichwa, kifundo kwa kiungo kinachoonekana katikati ya mguu, na shina la mguu kwa sehemu iliyo kati ya kifundo na vidole. Vidole ni vinne: vitatu vya mbele vilivyounganishwa na utando, na kimoja kidogo cha nyuma.

Umuhimu wa kutenganisha majina haya unaonekana nyuma ya kifundo. Hapo hupita kano nene iliyolala katika mfereji wa mfupa. Kano hiyo ikitoka katika mfereji wake, mguu hupinda pembeni na kifaranga hawezi kuunyoosha. Hali hii haiponi kwa kupumzishwa, na huhitaji kurudishwa na mtaalamu mapema kabla kano haijajikaza mahali pasipo pake. Tuchukulie kwamba mfugaji anampigia simu ofisa mifugo na kusema kuwa goti la kifaranga limevimba. Ofisa anayelijua goti halisi atafikiria jeraha la juu, karibu na paja, na huenda akashauri mapumziko. Kumbe kilichovimba ni kifundo na kano imetoka. Kosa hapa si la mfugaji wala la ofisa; ni la jina lililobebeshwa viungo viwili.

3.0 Kulitenganisha Jeraha na Hali Nyingine

Kabla ya kutibu, maswali matatu yanapaswa kujibiwa.

Swali la kwanza ni: wanachechemea wangapi? Jeraha huwa la mmoja. Vifaranga wawili au zaidi wakidhoofika miguu ndani ya siku chache, sababu itafutwe katika chakula au katika maradhi. Bakteria aitwaye Riemerella anatipestifer huleta uchechemeaji pamoja na kutetemeka kichwa, machozi na kuharisha kwa rangi ya kijani. Homa ya ini ya virusi huwashambulia vifaranga walio chini ya wiki sita. Hupiga mateke wakiwa wamelala ubavu na kupinda shingo nyuma, kisha hufa upesi. Kuwafunga bandeji vifaranga wa namna hii ni kupoteza muda ambao ungetumika kuliokoa kundi.

Swali la pili ni: ni mguu mmoja au yote miwili? Jeraha huelemea upande mmoja. Miguu yote miwili inapolegea, kifundo kikawa kinene na kifaranga akawa anakaa kila baada ya hatua chache, dhana ya kwanza iwe upungufu wa niasini, yaani vitamini B3. Miguu yote miwili inapoteleza kuelekea pembeni tangu siku za mwanzo, kama mkasi uliofunguliwa, chanzo cha kawaida ni sakafu laini iliyomnyima kifaranga mahali pa kukaza vidole.

Swali la tatu ni: hali ilianza ghafla au polepole? Kifaranga aliyetembea vizuri asubuhi na kuchechemea adhuhuri yaelekea ameumia. Aliyezidi kudhoofika kwa siku tatu au nne yaelekea ana upungufu au maambukizi.

Majibu ya mmoja, mguu mmoja na ghafla huelekeza kwenye jeraha. Hata hivyo, hali mbili huweza kukutana kwa kifaranga mmoja. Mwenye mifupa na kano dhaifu kwa sababu ya lishe huumia kwa urahisi zaidi kuliko aliyelishwa vizuri. Kwa sababu hiyo tiba ya jeraha haitenganishwi na lishe, kama itakavyoelezwa katika sehemu ya 4.5.

4.0 Hatua za Tiba

4.1 Kumshika na kumchunguza

Kifaranga asiinuliwe kwa mguu wala kwa bawa. Kiganja kipitishwe chini ya tumbo, na mkono wa pili ufunike mgongo kwa wepesi. Ndege hana kiwambo cha kifua kama cha binadamu. Hupumua kwa kuinua na kushusha mfupa wa kidari, hivyo akibanwa kifua huweza kukosa pumzi akiwa mikononi mwa anayetaka kumsaidia.

Mguu mzima uchunguzwe kwanza, kwa kuwa ndio kipimo cha mguu ulioumia. Kisha pande zote mbili zilinganishwe kuanzia juu kwenda chini: joto, uvimbe, rangi, mkao wa kifundo, hali ya kano nyuma yake, shina la mguu, utando na kila kidole. Manyoya laini yapulizwe ili ngozi ionekane. Mchunguzi atafute hasa uzi wa gunia au unywele uliojizonga juu ya vidole. Uzi wa namna hii hauonekani kwa mbali, na kadiri kifaranga anavyokua ndivyo unavyokata nyama. Ukipatikana, ukatwe kwa mkasi mdogo wenye ncha butu, usivutwe.

Iwapo mfupa unasikika ukikwaruzana, au mguu unapinda mahali pasipo na kiungo, umevunjika. Iwapo kuna uvimbe na joto bila kupinda, na kifaranga bado anaukanyagia kidogo, yaelekea umeteguka au umechubuka tu.

4.2 Mapumziko

Mguu ulioteguka huhitaji kwanza kupumzishwa. Kifaranga awekwe katika sanduku dogo asiloweza kukimbia ndani yake, kwa siku mbili hadi tatu. Sakafu iwe ya kitambaa kizito kisicho na nyuzi zinazochomoza, au maranda makavu. Gazeti na plastiki havifai kwa kuwa huteleza. Joto liwe nyuzi 32 hivi za Selsiasi katika wiki ya kwanza ya umri, likipunguzwa kwa nyuzi 3 hivi kila wiki. Upande mmoja wa sanduku uachwe na ubaridi kidogo ili kifaranga achague mwenyewe.

Kumtenga kuna gharama yake. Konrad Lorenz, katika maandishi yake ya mwaka 1935, alieleza jinsi makinda ya bata bukini na ndege wa jamii yake yanavyojifunga mapema kwa kiumbe yanachokifuata baada ya kuanguliwa. Kifaranga wa bata aliyetengwa peke yake hulia mfululizo, huacha kula na hujaribu kupanda kuta za sanduku, na kwa kufanya hivyo huutumia mguu tuliokusudia kuupumzisha. Kwa hiyo sanduku liwekwe mahali anapowaona na kuwasikia wenzake, kwa kizuizi cha wavu tu, au apewe mwenzake mmoja mpole. Iwapo mama yupo, naye asiondolewe machoni pake.

4.3 Kusafisha kidonda

Panapokuwa na mkwaruzo au mkato, kidonda kioshwe kwa maji ya chumvi: gramu 9 za chumvi katika lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa hadi uvuguvugu. Baada ya hapo hutumika dawa ya ayodini iliyozimuliwa kwa maji hadi rangi ya chai nyepesi. Spiriti na dawa zinazotoa povu kali hazifai kurudiwarudiwa, kwa kuwa huunguza chembe changa zinazojenga ngozi. Mafuta mazito ya kupaka nayo yatumike kwa uangalifu, maana yakienea kwenye manyoya laini huyalaza na kumfanya kifaranga apoteze joto.

Katika nchi za joto adui mwingine ni nzi. Mayai yake huweza kuanguliwa ndani ya siku moja, na funza wakamla kifaranga akiwa hai. Kidonda kitazamwe asubuhi na jioni, na sanduku lifunikwe kwa chandarua. Kidonda cha chini ya unyayo kisipuuzwe hata kikiwa kidogo, kwa kuwa bakteria wa jamii ya stafilokoka wakiingia hapo hujenga jipu gumu ambalo huchukua muda mrefu kupona.

4.4 Kufunga bandeji na gango

Mguu ulioteguka tu haufungwi; kuufunga huuongezea kifaranga uzito na usumbufu. Kufunga kunastahili katika hali tatu.

Hali ya kwanza ni miguu inayotanuka pembeni. Miguu hiyo huunganishwa kwa kipande laini cha bandeji, mfano wa pingu, kikiacha upana wa kawaida wa kusimama. Katika umri wa siku chache, matokeo huonekana ndani ya siku mbili hadi nne. Hali ya pili ni vidole vilivyopinda au kuumia. Kipande chembamba cha plastiki hukatwa kwa umbo la unyayo uliotandazwa, vidole vikalazwa juu yake na kushikizwa kwa utepe laini wa dawa. Hali ya tatu ni shina la mguu lililovunjika bila ngozi kupasuka. Hapo hufungwa gango jepesi, kwa mfano mrija wa kunywea uliopasuliwa kwa urefu, juu ya tabaka la pamba.

Inafaa kutambua kwamba gango na kuganga ni maneno yanayokaribiana kwa umbo na kwa maana, na zote mbili zinadai uangalizi. Bata wa Pekin anayelishwa vizuri huweza kutoka gramu 50 hadi kilo 3 kwa muda wa wiki saba. Mwili unaokua kwa kasi hiyo hugeuza bandeji ya leo kuwa kitanzi cha keshokutwa. Kwa hiyo bandeji ikaguliwe kila siku, na ifungwe upya kila baada ya siku mbili au tatu. Vidole vikiwa baridi, vimevimba au vimebadilika rangi, ilegezwe mara moja.

4.5 Maji na lishe

Uvimbe unapoanza kupungua, kwa kawaida siku ya pili au ya tatu, maji huwa tiba yenye manufaa makubwa. Majini mwili huelea, mguu hufanya kazi bila kubeba uzito, na misuli haisinyai. Dakika 5 hadi 10 katika beseni la maji ya uvuguvugu, mara mbili kwa siku, zinatosha. Kifaranga asiachwe peke yake. Aliyelelewa bila mama hana bado mafuta ya kutosha kwenye manyoya, hulowa hadi kwenye ngozi na huweza kuzama. Akitolewa akaushwe kabisa na kurudishwa kwenye joto. Mwenye bandeji au kidonda kibichi hasubiriwi majini; asubiri kidonda kifunge.

Maji ya kunywa yawe karibu na chakula wakati wote, kwa kina cha kumwezesha kutumbukiza pua zake na kuzisafisha, lakini yenye changarawe ndani ili asiweze kuzama. Bata hunywa anapokula. Chakula kikavu bila maji huweza kumkaba.

Kuhusu niasini, vipimo vya lishe vilivyotolewa na Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani mwaka 1994 vinapendekeza miligramu 55 kwa kilo ya chakula cha kifaranga wa bata, dhidi ya miligramu 35 kwa kifaranga wa kuku wa nyama. Tofauti hii inaeleza kwa nini chakula kinachowatosha kuku huweza kuwalegeza bata miguu. Tatizo huongezeka pale mlo unapokuwa mahindi na pumba zake, kwa kuwa niasini ya mahindi imefungamana kwa namna ambayo mwili hauipati kwa urahisi, na triptofani, ambayo mwili ungeweza kuigeuza niasini, ni haba humo. Chachu ya bia na dagaa waliosagwa ni vyanzo vizuri. Panapopatikana niasini ya dukani, kiasi kilichozoeleka ni miligramu 100 hadi 150 katika galoni moja ya Marekani, yaani lita 4 hivi, ya maji ya kunywa, yakibadilishwa kila siku.

Karanga pia zina niasini nyingi, lakini zina hatari inayostahili kutajwa. Mwaka 1960 nchini Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa baada ya kulishwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil, na uchunguzi wa vifo hivyo ndio uliofungua njia ya kuitambua sumukuvu. Vifaranga wa bata walidhurika pia, na kwa wepesi wao wa kudhurika walitumiwa na watafiti kuipima sumu hiyo. Karanga au mahindi yenye ukungu, hata yale yaliyochambuliwa na kubaki kama makombo ya mifugo, hayafai kabisa kwa kifaranga wa bata.

4.6 Dawa

Jeraha dogo lisilo na maambukizi halihitaji antibayotiki. Kumpa bila sababu hujenga usugu wa vimelea, na mabaki ya dawa huweza kubaki katika nyama na mayai. Dawa za binadamu za kutuliza maumivu nazo zisitolewe kwa kukisia. Mfano wa tahadhari ni daiklofenaki: mwaka 2004 ilithibitishwa kuwa mabaki yake katika mizoga ya ng'ombe ndiyo yaliyoporomosha idadi ya tumbusi katika Asia ya Kusini, kwa kuharibu figo zao. Dawa inayomfaa binadamu na ng'ombe si lazima imfae ndege.

5.0 Muda wa Kupona na Mipaka ya Tiba ya Nyumbani

Mguu ulioteguka huonesha nafuu ndani ya siku mbili au tatu, na kwa kawaida hupona ndani ya wiki moja hivi. Mfupa mdogo uliovunjika na kufungwa vizuri hushikana kwa wiki mbili hadi tatu. Kifaranga arudishwe kundini anapoweza kuwafuata wenzake hadi kwenye chakula bila kuachwa nyuma. Kusimama peke yake si kipimo cha kutosha.

Mtaalamu wa mifugo atafutwe bila kuchelewa iwapo mfupa umetokeza nje ya ngozi, kano imetoka kwenye kifundo, unyayo umekuwa baridi na mweusi, kifaranga amekataa chakula na maji, au hakuna nafuu yoyote baada ya siku tatu. Taarifa anayopewa itaje umri, idadi ya walioathirika, mguu wa upande gani, muda tangu hali ianze, na mahali halisi: juu ya kifundo, kwenye kifundo, kwenye shina la mguu au kwenye vidole. Lazima pia ikubaliwe kwamba wapo wasioponeka. Kumwachia kifaranga maumivu yasiyo na mwisho kwa sababu mwenye kumlea hana moyo wa kuamua si huruma. Hapo mtaalamu aombwe ammalizie mateso kwa njia isiyo na ukatili.

6.0 Hitimisho

Makala yameonesha kwamba tiba ya jeraha dogo la mguu wa kifaranga wa bata imejengwa juu ya mambo machache: kutambua kwanza, kupumzisha, kusafisha, kufunga pale tu inapohitajika, kumrudisha majini kwa kiasi, na kurekebisha lishe. Hakuna kati ya hayo linalohitaji gharama kubwa. Linalohitajika ni jicho linalotazama mara mbili kwa siku na lugha inayotaja kiungo kwa jina lake.

Kutokana na hoja hizo, makala yanapendekeza mambo mawili. Kwanza, miongozo ya ufugaji wa bata kwa Kiswahili iambatanishe mchoro wa mguu unaoonesha goti halisi na kifundo, ili mfugaji na ofisa wawe na picha moja wanapozungumza kwa simu. Pili, wanaoandika miongozo hiyo waache kunakili vipimo vya lishe ya kuku na kuviita vya bata. Kifaranga hawezi kusema panapomuuma. Wanaomsemea wana wajibu wa kusema sawasawa.